Deni la Mwenye Kupeleka Khabari

Nataka kuwauliza ndugu zangu suala moja ambalo aghlabu hatujiulizi, kwa kuwa kila mmoja wetu adhani kwamba halimhusu yeye. Mtu akipeleka khabari kwa watu, kwa kalamu au kwa ulimi, kisha ikadhihiri kuwa khabari ile si kweli, naye hakukusudia uwongo, je, liko deni juu yake? Na kama liko, hulilipa kwa nani, na kwa kadiri gani?

Wengi watajibu upesi kwamba mwenye kukosea pasi na kukusudia hana dhambi, na jambo limekwisha. Nami nasema, ni kweli hana dhambi, lakini jambo halikwisha. Mtu akijikwaa barazani kwa jirani yake akavunja mtungi wa maji, hapana kadhi atakayemwita mwizi, wala hapana atakayemwambia kwamba amefanya maasi. Lakini mtungi ataulipa. Dhambi ni baina yake na Mola wake, na mtungi ni baina yake na jirani. Haya twayajua katika mitungi, na katika mbuzi waliokula muhogo wa watu, na katika madau yaliyogongana bandarini. Likija jina la mtu, tunasahau yote, kana kwamba heshima ya Mwislamu ni nyepesi kuliko chungu cha udongo.

Sisemi haya kwa kuyasoma vitabuni tu. Yamenifika mwenyewe, na laiti yasingalinifika nisingaliyaandika.

Nalikaa Tukuyu, katika wilaya ya Rungwe, miaka kumi na mmoja, nikiuza nguo na kununua mchele wa Kyela. Asiyeifika nchi ile na ajue kwamba ni nchi ya milima, migomba na majani ya chai, na mlima wake mkubwa, Rungwe, wapata mita 2,960. Mvua yake kwa mwaka hupita milimita 2,000, na sisi watu wa pwani tukifika huko hujifunza kuvaa koti hata mchana. Wajerumani waliujenga mji ule wakauita Neu Langenburg, na boma lao ndilo lililouanzisha. Waislamu wa huko si wengi. Wamishonari wa Moravian walifika Rungwe tangu mwaka 1891, na Wanyakyusa wengi ni watu wa makanisa, nao ni majirani wema. Lakini watu wachache wana jambo lao: hujuana wote. Khabari moja mbovu ikitoka msikitini baada ya sala ya Ijumaa, kabla ya magharibi imewafikia wote, na siku ya gulio imekwisha shuka Kyela na kupanda Kiwira.

Msikiti tuliokuwa tukisali ulikuwa na ubao mweusi barazani. Kwa kuwa hati yangu husomeka, wazee walinipa kazi ya kuuandika kila Ijumaa: nani amefiwa, nani anaumwa, darasa litakuwa lini, nani amepotelewa na mzigo njiani, na mambo ya chama chetu cha kuzikana. Kazi ile naliipenda. Na sikuficha, naliona fahari kuwaona watu wakitoka salani na kusimama mbele ya maandiko yangu.

Katika mwaka 1996, usiku wa kuamkia Ijumaa, mtu ninayemwamini alinijia dukani akaniambia kwamba fedha za chama za mwezi uliopita, shilingi 84,000, hazionekani katika hesabu. Asubuhi naliandika ubaoni hivi: kwamba fedha za mwezi uliopita hazijaonekana katika hesabu. Na chini yake, kwa kuwa watu walikuwa wakimwuliza, nikaandika kwamba mshika fedha hayuko mjini tangu Jumanne.

Tazama, ndugu msomaji. Maneno yale mawili yote yalikuwa kweli. Fedha hazikuwa katika hesabu, na mshika fedha hakuwa mjini. Mtu angaliniapisha kwa kila neno peke yake ningaliapa, na kiapo changu kingalikuwa safi. Lakini kwa kuyaweka moja juu ya jingine naliandika neno la tatu ambalo mkono wangu haukuliandika, na hilo la tatu ndilo watu walilolisoma, na hilo ndilo lililokuwa uwongo. Mzee yule alitumwa Mbeya na mmoja wa wakubwa wa chama, mwendo wa maili arubaini na kitu, akanunue sanda na kulipa gari la kumleta maiti kutoka hospitali. Aliyemtuma akashikwa na homa siku ile ile, hakumwambia mtu. Jumapili mshika fedha alirudi na stakabadhi zake mfukoni, na hesabu ikatimia hata shilingi ya mwisho.

Jumatatu nalichukua kitambaa kibichi nikaufuta ubao wote, nikaandika kwa herufi nzuri: Hesabu za chama ni sawa. Nikadhani nimefanya insafu.

Hapo ndipo lilipo kosa langu la pili, na kwa ninavyoona sasa ni kubwa kuliko la kwanza. La kwanza lilikuwa la haraka, na haraka ni maradhi ya kila mwenye khabari. La pili naliliona, nikalitenda kwa fikira. Sikuandika kwamba nilikosea. Sikumtaja mshika fedha kama nilivyomtaja Ijumaa. Na naliandika Jumatatu, siku ambayo barazani hupita watu saba au wanane, ilhali uwongo ule ulisomwa na msikiti mzima. Aliyesoma Ijumaa asifike Jumatatu alibaki na lake. Aliyesoma Jumatatu bila ya kusoma Ijumaa hakuelewa kwa nini anaambiwa kwamba hesabu ni sawa. Na mmoja, nalisikia baadaye, alisema, Kumbe hazikuwa sawa! Basi hata maneno yangu ya kusafisha yalimchafua mtu kwa mara ya pili.

Sasa niache kisa hiki kidogo, niseme yaliyonenwa na wakubwa wetu.

Kila aliyesoma Sura ya Hujurat anajua kuwa Mwenyezi Mungu amewaamrisha waumini waipeleleze khabari waletewayo na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakawa wenye kujuta. Wafasiri wengi wametaja sababu ya aya hii: mjumbe aliyepelekwa kwa Banu Mustaliq kukusanya zaka aliwaona watu wakitoka kumlaki, akaogopa, akarudi Madina akasema wamekataa zaka na wanataka kumwua. Kulikuwa karibu kupigwa vita juu ya watu waliotoka kwa ajili ya kupokea mgeni. Mimi kila nikikisoma kisa hiki humwona yule mjumbe kuwa ni jamaa yangu. Watu kweli walitoka. Kweli walikuwa wengi. Alichokiona alikiona, na khofu yake ikaunganisha.

Na tulizingatie neno kujuta. Wengi wetu hulichukua kuwa mwisho wa mambo: nimejuta, basi. Lakini wanazuoni waliposharitisha toba walisema kwamba mtu aliache kosa, alijutie, aazimie kutolirudia, na likiwa lahusu haki ya mja, airudishe haki ile kwa mwenyewe. Sharti hili la nne ndilo zito. Fedha hurudishwa kwa kuhesabiwa mkononi. Jina hurudishwaje? Lipo mikononi mwa watu arubaini au mia, na kila mmoja amekwenda nalo kwake.

Zamani hizi hizi za nchi yetu kuna mfano wa khabari iliyoachwa iende pasipo mwenyewe. Katika mwaka 1908, muda mchache baada ya vita vya Maji Maji, ilionekana Lindi barua iliyodaiwa kuwa imetoka katika miji mitukufu. Iliwahimiza watu watubu kwa kuwa kiyama kimekaribia. Ilinakiliwa kwa mikono na kupelekwa mji hata mji, pwani na bara, na Wajerumani wakashtuka kwa kudhani kuwa ni fitina ya vita vingine. Barua ya namna ile watu wengi waijua kwa jina la wasia wa Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume, na imeenea nchi nyingi za Waislamu kwa zaidi ya miaka mia. Hata Sheikh Abdulaziz bin Baz aliandika risala ya kuikanusha. Nimewahi kuiona kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya kofia ya mtu, na nimeiona tena juu ya simu ya mkononi ya mjukuu wa mtu kama yule.

Wako wanaocheka barua ile kwa sababu ya mambo iliyoyasema. Mimi lanishangaza jambo jingine, nalo ni namna inavyoishi. Hutaja wakati wa mambo makubwa kutokea. Wakati hupita, hayatokei. Na mwenye kunakili wa pili huweka wakati mwingine. Hakuna aliyeandika kwamba nakala iliyotangulia ilikosea. Kosa hubadilishwa nguo likaendelea na safari. Kama kila mwenye kunakili angaliandika chini yake jina lake, siku aliyoipokea, na aliyempa, barua ile ingalikufa Lindi mwaka ule ule. Haina baba wala mama, ndiyo maana haizeeki.

Sasa mlinganishe na jambo hili. Sisi wa pwani tu Mashafii, na vijana wetu hufundishwa Minhaj ya Imam Nawawi kama walivyofundishwa babu zao. Imam Shafii, Mungu amrehemu, alifundisha Iraq akatoa kauli zake, kisha akahamia Misri mwaka 199 wa Hijra na kufa huko mwaka 204. Na katika miaka ile michache alirejea katika kauli zake nyingi. Kauli za kwanza huitwa qadim na za pili jadid. Wanafunzi wake hawakuzichoma zile za kwanza wala hawakujifanya kwamba imamu wao hakuzisema. Wamezihifadhi zote mbili, na Nawawi katika Minhaj akaweka istilahi, kwamba akisema jadid, msomaji ajue kuwa iko qadim iliyo kinyume chake. Neno moja tu, na mwanafunzi ameshajua mambo matatu: kwamba palikuwa na kauli ya zamani, kwamba imeachwa, na kwamba ya kutegemewa ni hii. Hachanganyikiwi, wala heshima ya imamu haipungui kwake. Bali huzidi, maana aliyerejea mbele ya watu wote akiwa ni imamu amewafunza watu jambo ambalo fatwa elfu haziwafunzi.

Basi mimi mwandishi wa ubao naliona haya kuandika kwamba nilikosea shilingi 84,000, na Shafii hakuona haya.

Na nisidhaniwe kwamba adabu hii ni ya wanazuoni wa dini peke yao. Rungwe ile ile kuna kisa chake, na wenyeji wa huko wakijua hucheka. Wawindaji wa Kinyakyusa waliozunguka mlima walikuwa wakimsimulia kima mmoja wa msituni, mwenye haya, anayekaa juu ya miti mirefu, nao humwita kipunji. Wataalamu wa wanyama waliofika huko mwaka 2003 hawakuwa na hakika kama ni mnyama wa kweli au ni wa katika hadithi, kwa kuwa wazee huwasimulia wote kwa sauti moja. Mwezi wa Desemba mwaka ule wakamwona dhahiri. Katika Julai 2004 wataalamu wengine, wasiokuwa na khabari ya wale wa Rungwe, wakamwona katika msitu wa Ndundulu huko Udzungwa. Mwaka 2005 wote pamoja wakamtangaza kwa ulimwengu katika jarida kubwa la elimu liitwalo Science, wakamweka katika jamaa ya kima waitwao Lophocebus, kwa kutazama picha zake na kusikia sauti yake. Kisha mkulima mmoja wa mlimani akamnasa mtoto wa kipunji katika shamba la mahindi, akafa. Na mzoga ule ulipopimwa ikaonekana kwamba mnyama huyu yu karibu zaidi na nyani kuliko na jamaa aliyopewa. Basi mwaka 2006, katika jarida lile lile, na baadhi ya waandishi wakiwa ni wale wale, ikaandikwa kwamba anastahili jamaa yake mwenyewe, wakamwita Rungwecebus, kwa jina la mlima. Hesabu yao ya kwanza, iliyotangazwa mwaka 2008, ilikuwa ni kipunji 1,117 tu.

Mwaka mmoja, jarida lile lile. Waliosoma la kwanza ndio waliosoma la pili. Likatajwa la kwanza, ikaelezwa sababu ya kuliacha. Kama kima wa msituni amefanyiwa insafu hii katika jina lake, mja wa Mwenyezi Mungu mwenye kusali safu moja nasi hastahili kama hiyo? Na jingine halifai kusahauliwa: mpokezi wa kwanza wa khabari ile alikuwa mwindaji, naye ndiye aliyekuwa mkweli tangu mwanzo. Kutoaminiwa kwake hakukutokana na uwongo. Kulitokana na kuwa waliomsikiza hawakuwa na njia ya kupambanua alichokiona kwa macho na alichopokea kwa babu yake. Angalipata mtu wa kumwuliza, Hili umeliona wewe, au umelisikia? wasingalipoteza miezi ile.

Suala hili, umeliona au umelisikia, ndilo elimu yote ya Hadithi ilipoanzia. Bukhari na Muslim hawakukusanya maneno tu. Walikusanya maneno pamoja na njia zake, nani alisikia kwa nani, na je walikutana. Na walipowataja wapokezi dhaifu kwa udhaifu wao, maulamaa walisema kwamba huko si kusengenya, kwani ni kuhifadhi haki ya wasikilizaji. Sisi tunajifaharisha kwa elimu hiyo, kisha tukiketi barazani jioni twasema, Yasemwa kwamba fulani kafanya hivi. Yasemwa na nani? Watu wa pwani huwacheka watu wa bara kwa ushamba, lakini mimi nimekaa kote, na mabaraza ya bara ni wanafunzi mbele ya yetu.

Sasa nije kwa wanaopinga, maana hoja zao si nyepesi. Wako wasemao kwamba kusahihisha ni kuchokoa kidonda. Watu wamekwisha sahau, wewe unasimama na kusema, Yale niliyosema juu ya fulani kuwa ameiba si kweli, na asiyesikia mara ya kwanza anasikia leo neno la wizi karibu na jina la fulani. Hoja hii ina kweli ndani yake. Wanazuoni wenyewe wamehitilafiana juu ya aliyemsengenya mtu, naye msengenywa hajapata khabari: je, aende amwambie na kumwomba radhi, au amsitiri na huzuni hiyo, amwombee dua, na amsifu kwa haki katika vikao alivyomsengenyea? Wengi wameelekea kauli ya pili, nami naona nuru yake. Lakini tazama walichosema: katika vikao vile vile. Hata waliopunguza hawakumwachia akae kimya. Na hitilafu yao ni juu ya neno lisilomfikia mwenyewe. Neno langu lilimfikia mwenyewe kabla ya mate kukauka.

Wengine husema kwamba mwenye kusahihisha kila mara hupoteza imani ya wasomaji, watasema ubao huu ni wa makosa. Haya niliyaamini mimi mwenyewe Jumatatu ile. Lakini wasomaji si wajinga. Wao wajua kwamba ubao huandikwa na mwanadamu, na kwamba mwanadamu hukosea. Wasichokijua ni kama akikosea atawaambia. Siku wakijua kwamba hatawaambia, huushuku ubao wote, hata tangazo la darasa.

Na wako wasemao, Basi tusiandike kabisa mpaka tuhakikishe kila kitu. Katika mambo ya fedha na heshima nakubali. Lakini khabari ya msiba haingoji. Mtu akifa Dar es Salaam usiku na jamaa zake wako Tukuyu, ukikaa kupeleleza hata alasiri, amekwisha zikwa na nduguye hakuanza safari. Kwa hiyo ni lazima kuandika upesi, na mwenye kuandika upesi atakosea. Sisi tulipata kutangaza kifo cha mtu, tukamsomea, naye akaja kusali alasiri. Kumbe aliyekufa ni wa jina lake. Yule hakuhitaji tumsahihishie, alijisahihisha kwa miguu yake. Lakini tangu siku ile wazee wakaamrisha kwamba khabari ya msiba iandikwe na jina la baba, na mji, na aliyeileta, na saa aliyoileta. Nikaona kwamba jambo dogo kama saa lina faida kubwa: mtu akikuta maneno mawili yanayopingana ubaoni, hujua lipi limetangulia.

Na hapo ubao wetu ulibadilika, si kwa siku moja, na si kwa hekima yangu. Jambo tulilolisikia na hatujaliona liliandikwa limesikiwa. Mambo mawili yasiyothibiti uhusiano wake hayakuwekwa pamoja; ukitaja fedha juu, safari ya mtu nenda kaiandike chini kabisa, au uache. Na khabari ikigeuka, ya zamani haikufutwa kwa kitambaa. Ilipigwa mstari mmoja ili isomeke, na mpya ikaandikwa ubavuni mwake kwa herufi zilezile, siku ya Ijumaa na si siku nyingine, ikakaa Ijumaa mbili. Wazee walipinga hili la mstari, wakasema ubao utakuwa mchafu. Ulikuwa mchafu kweli. Siku hizi khabari hupita katika simu, na mwenye kuituma aweza kuiondoa kwa kidole kimoja, pakabaki peupe, naye akalala akidhani ametubu. Waliokwisha isoma hawafutiki kwa kidole.

Lakini haya yote yalikuja baadaye, na kwa mshika fedha wetu yalikuja yamechelewa. Tajiri wa Kyela aliyekuwa akimkopesha mchele alimtaka fedha taslimu. Posa ya mwanawe ilirudishwa kwa maneno ya adabu yasiyokuwa na sababu. Hakugombana na mtu. Baada ya miezi minane alifunga duka akarudi kwa ndugu zake upande wa Masoko kulima migomba, na ufunguo wa sanduku la chama akamkabidhi imamu mbele ya mashahidi wawili, akahesabu kila senti.

Nalikwenda kwake kumwomba radhi. Nalimkuta akikata majani ya mgomba, mvua ikinyesha, akanikaribisha ndani, akamwambia mkewe alete chai. Nikamwambia, "Mzee wangu, nimekuja kwa sababu ya ubao."

Akasema, "Najua. Ndaga, mwanangu, umefanya vyema kuja. Mimi nimekusamehe tangu zamani."

Nikafurahi, nikataka kuinuka. Akanishika mkono, akasema, "Keti. Mimi nimekusamehe lakini mimi najua kwamba sikuiba. Tangu hapo nalikuwa najua. Uliowaandikia ni wale wasiojua. Sasa kunijia mimi peke yangu ni kama kumpelekea fedha mtu usiyedaiwa naye."

Nikamwuliza, "Wataka nifanye nini?"

Akasema, "Mimi sitaki kitu. Wewe ndiye uliyekuja na deni."

Basi nalichukua daftari nikaandika majina ya watu niliowakumbuka kuwa walisoma siku ile au walisikia kwa aliyesoma, yakawa arubaini na sita. Nikawafuata. Wengine msikitini, wengine gulioni Kiwira na Katumba, wengine nikipanda gari hata Lwangwa na kushuka hata Kyela. Kwa kila mmoja nalisema maneno yale yale: kwamba Ijumaa ile naliandika jambo mahali pasipokuwa pake, kwamba mzee yule alikuwa safarini kwa kazi ya chama, kwamba stakabadhi nimeziona kwa macho yangu, na kwamba kosa ni langu. Wengine walicheka. Mzee mmoja wa Lwangwa akaniambia kwamba yeye khabari ile alikuwa ameisahau kabisa na sasa nimemkumbusha, na hilo liliniuma, kwa kuwa ndiyo ile hoja ya wapinzani na sikuwa na jibu la kumpa illa kuomba radhi tena. Tajiri wa Kyela alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua daftari lake, akatazama jina la mshika fedha, asiseme neno. Mwezi uliofuata nalisikia kwamba amempelekea magunia mawili kwa mkopo. Waliomrudishia posa hawakugeuka. Binti alikwisha olewa kwingine.

Katika arubaini na sita naliwapata arubaini na mmoja. Watatu walikuwa wamekufa, Mungu awarehemu, na mmoja aliugua akili, maneno hayamwingii. Aliyebaki ni dereva wa lori aliyesimama ubaoni siku ile kwa dakika chache, akasoma, akaondoka na safari yake kuvuka mpaka wa Kasumulu kwenda Malawi. Jina lake kamili sikulijua. Nimeliandika katika daftari kwa jina walilokuwa wakimwita, na mstari wake haujapigwa.